Spoki Kumi na Tatu za Balozi

Kila neno nitakaloandika hapa ni la kweli, na kama kuna hata moja la uongo, basi nisimwone tena sato kwenye sahani yangu mpaka nizikwe. Naapa hivyo nikijua ninachokiweka rehani, maana nampenda sato kuliko nusu ya ndugu zangu. Wapo watu hapa Buswahili watakaokuambia Mzee Apolinary ana maneno mengi. Waulize: walipokuwa wanasikiliza, nani alikuwa amewafunga kamba?

Mambo yenyewe yalitokea Bunda, mtaa wa Kabasa, masika ya mwaka themanini na tatu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, na herufi zangu nilijifunzia humo humo, kwenye maandishi ya marobota. Jioni nilikuwaga fundi baiskeli. Lakini vipuri vilikuwa vimekwisha nchi nzima, tairi tunazishona kwa katani, kwa hiyo kazi iliyonipa chumvi haikuwa baiskeli tena. Ilikuwa kutengeneza kroshia, zile sindano zenye kidomo ambazo wanawake hufumia vitambaa.

Siku hizi ukienda sokoni Bunda utakuta kroshia za plastiki, za alumini, za rangi ya waridi, zimepangwa kwa namba, na nyuzi zimejaa mpaka zinachosha macho. Hayo yalikuja baadaye, milango ilipofunguliwa. Wakati ule kroshia ilizaliwa kwenye gurudumu. Unachukua spoki, unakata shubiri moja na vidole vinne. Unaitia makaani mpaka iwe nyekundu kama jicho la mlevi, unaibamiza ncha, unaikunja kidogo, halafu kwa tupa ya pembe tatu unachonga kidomo. Hapo ndipo mafundi wengi walishindwa. Kidomo kikiwa kikali kinachana uzi. Kikiwa butu kinauacha uzi njiani, na mwanamke anakutukania mama yako ambaye hata tupa hakuwahi kuishika. Ukimaliza unasugua kwa majani ya msasa, kisha majivu, kisha samli. Mpini nilichonga kwa pembe ya ng'ombe, na kila mkono nilikuwa naupima. Mwamvita, mke wa Shomari fundi cherehani, alitaka mpini mnene kama kidole gumba. Wengine walitaka mwembamba. Ukimpa mtu mpini usio wake, kitambaa kinatoka kimepinda kama barabara ya mlimani.

Shemeji yangu Marcelina, mjane wa marehemu kaka yangu, yeye hakuhitaji kroshia zangu. Alikuwa nayo ya chuma cha kiwandani, aliyopewa na masista wa misheni akiwa msichana. Imelika katikati kwa miaka ishirini ya kushikwa mahali pale pale. Hakumwazima mtu. Uzi wake hakuuweka chini: aliutia kwenye kibuyu alichokitoboa tundu, bonge linacheza ndani, ncha inatoka safi, haijui vumbi. Kabla ya kununua uzi alichoma kipande. Ukinuka karatasi ni pamba. Ukijikunja kama funza ni nailoni, anamrudishia mwenyewe. Vidole alivipaka unga wa muhogo ili jasho lisitie doa. Kwa vitambaa hivyo, vya makochi, vya redio, vya meza, vilivyotiwa wanga vikasimama kama sahani, alikuwa analea watoto wanne.

Na alikuwa na sharti moja, alilolitoa kwa mama yake kule rasi ya Majita. Hakuanza cheni ya kwanza kabla hajataja kwa sauti kitambaa kitafunika nini. "Cha redio ya mwalimu." "Cha kochi la bi harusi." Nilimuuliza siku moja, akanijibu bila kuinua macho kwamba kitambaa kisichotajiwa kazi hujitafutia chenyewe. Nilicheka. Nilikuwa na meno mengi wakati huo.

Sasa msimu uliotangulia pamba ya Marcelina ilikuwa imezaa vizuri, na badala ya kungoja malipo yaliyokuwa hayaji, akabadilishana na mfanyabiashara mmoja wa Sirari. Akaletewa gunia la nyuzi nyeupe, mabonge sitini, zilizovuka mpaka chini ya mahindi. Alilipokea gunia lile kama mtu aliyeletewa mtoto. Wiki ya pili yake redio ikaanza kuwataja wahujumu uchumi.

Walioyaona hayo hawahitaji kuelezwa, na wasioyaona hawataamini. Mtu aliyekuwa na sabuni tano alikuwa mhujumu. Watu wakaanza kutupa mali zao kwa mikono yao. Kijito cha nyuma ya soko kilitoa povu siku tatu, na vyura waliotoka humo walikuwa weupe. Mmoja nilimshika mimi mwenyewe, ananukia maua. Sukari ilimwagwa vyooni mpaka nyuki wakahama kutoka pori la Serengeti wakahamia vyoo vya Kabasa, na kwa wiki nzima binadamu tulikuwa tunakwenda vichakani tukiwaachia wenye nyumba wapya.

Hayo ya kuchekesha yalikuwa ya wiki ya kwanza. Wiki ya pili hakuna aliyecheka. Lilikuja Land Rover la kijani, na halikuwa na haraka. Lilianza nyumba za jineri, likaenda za soko, kisha likageuza pua kuja kwetu, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, haliruki hata banda la kuku. Muuza duka mmoja, Kija, alichukuliwa na miche kumi na moja ya sabuni. Kiti chake kilibaki barazani kikinyeshewa, na hakuna jirani aliyethubutu kukiingiza ndani, asije akaulizwa anamjuaje. Mbwa wa mtaa walizoea lile gari wakaacha kulibwekea. Hicho ndicho kilichonitisha mimi. Mbwa akinyamaza mbele ya mgeni, ujue ameshamhesabu kuwa mwenyeji.

Nilimwendea shemeji nikamwambia autupe ule uzi. Akaniambia nimwonyeshe watoto wanne wanaokula uzi uliotupwa. Akifungwa, watoto watagawanywa kwa ndugu kama nguo za marehemu. Akiutupa, watalala njaa kuanzia mwezi huo. Alikuwa ameliweka gunia chini ya kitanda, na alikuwa anatembea ndani ya nyumba yake kwa kunyata, kana kwamba kuna mgonjwa.

Aliyetoa njia ni Mwamvita. Alikuja mchana, nami nikiwa bado pale, akafunga mlango nyuma yake, akakaa.

"Marcelina, uzi ni magendo," alisema. "Kitambaa ni pambo. Umeshaonaga mtu kafungwa kwa pambo?"

"Mabonge sitini, Mwamvita."

"Tufume. Tufume yote, kabla hawajafika."

"Vitambaa mia mbili? Wataniuliza leseni."

"Ndiyo maana hatufumi mia mbili. Tunafuma kimoja."

Tukapiga hesabu ya nyumba zilizobaki mbele ya lile gari. Ilikuwa Jumatatu; kwa mwendo wake lingetufikia Ijumaa ya wiki ya pili, na ukitoa siku tatu za kutengeneza vifaa, zinabaki siku tisa za kufuma. Marcelina angeanza kitovu, kikishakua kidogo wanawake wengine wakae kukizunguka, kila mmoja na ukingo wake, wafume kuelekea nje. Wangehitajika wanawake kumi na watatu mbali na yeye mwenyewe, na kila mmoja kroshia mpya, maana zao walikuwa wamezitupa chooni kwa hofu. Wote wawili wakanigeukia mimi. Nami nikasema hakuna taabu, jambo ambalo mtu asiye na hata spoki moja ya akiba hapaswi kulisema.

Ukiacha yangu mwenyewe, ambayo moyo haukuniruhusu kuigusa, Kabasa nzima palikuwa na baiskeli moja tu iliyokamilika, nayo ilikuwa ya Mzee Stanislausi, balozi wetu wa nyumba kumi. Mtu mrefu, mzito wa maneno. Akikusalimia asubuhi unaweza kwenda kisimani ukarudi ukamkuta anamalizia. Baiskeli yake nyeusi aliipenda. Kila Jumapili baada ya misa alipitisha kitambaa spoki moja moja, arobaini nyuma, thelathini na mbili mbele. Na bahati mbaya ilivyo na adabu, Jumatatu hiyo hiyo akaniletea nimtengenezee breki, akaniachia mpaka Jumatano.

Nilianza kwa kutoa moja, gurudumu la mbele. Nikajiambia gurudumu halijui. Nikatoa ya pili ili nafasi zilingane. Kila nilipotoa nilisema hii ndiyo ya mwisho, mpaka zikatimia kumi na tatu. Kisha nikaenda bondeni nikakata matete membamba, nikayazungushia karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara, nikayapachika palipokuwa na spoki. Ukilitazama gurudumu lile lilikuwa linang'aa kuliko lilivyotoka kiwandani. Nililizungusha. Likazunguka vizuri, isipokuwa lilikuwa na kasauti fulani kadogo, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Jumatano jioni balozi akaja kuichukua. Nilitegemea atakuwa anaizungushia Kabasa tu, nyumba hadi nyumba, na baada ya siku tisa nitapata namna. Akaniambia, kwa utaratibu wake, kwamba kesho alfajiri anakwenda Musoma. Mabalozi wameitwa kikao. Mabasi hayana dizeli. Atapiga pedali, na Jumamosi atakuwa amerudi.

Neno lilinifika kwenye meno. Nilihisi ladha yake. Nikamtazama anavyolipapasa tandiko, nikawaza gunia chini ya kitanda, nikasema, "Safari njema, mzee."

Kazi ikaanza Alhamisi hiyo. Mafuta ya taa hayakuwepo, kwa hiyo walifuma mchana, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, mwanga ukishuka kwenye matundu ya bati. Walikaa duara. Hakuna aliyeimba. Wanawake kumi na wanne wakikaa pamoja bila kusengenya mtu, hapo pana jambo. Ungesikia tu chuma kikigusana na kucha, tik, tik, tik, kroshia kumi na tatu zangu na ile moja ya masista, na mimi niliyekuwa naleta maji na kunoa vidomo, nikisikiliza sana nilikuwa nasikia gurudumu linazunguka mahali mbali, na kila likizunguka linapungukiwa.

Kitambaa kilikua. Siku ya tatu kilikuwa kimeshajaza chumba. Siku ya tano wakahamisha kitanda na kabati. Kilikuwa na mananasi pembeni na maua katikati, cheupe mpaka kwenye giza lile ulikiona kabla ya kuwaona watu. Vidole vilivimba. Mwamvita alilala na vidole vyake viliendelea, asubuhi mumewe Shomari akaamka ndevu zake zimefumwa mistari mitatu. Lile nililishuhudia; alikuja kwangu nizikate.

Jumamosi balozi hakurudi. Jumapili hakuonekana kanisani. Jumatatu ya pili dereva wa lori la pamba alisimama jineri, akasema kwamba karibu na njia panda ya Butiama aliona alama ya tairi la baiskeli kwenye tope. Ilikuwa imetoka barabarani ikaingia mtaroni. Hakuona ilipotoka. Watu wakasema labda ni mlevi. Mimi nilikwenda nyuma ya mashine nikakaa juu ya robota.

Siku hiyo hiyo mchana, nilipopeleka maji, Marcelina alikuwa amesimamisha mikono. Kroshia yake ilikuwa mdomoni, ameiuma.

"Shemeji," akasema. "Hiki kitambaa hatukukitaja."

Wanawake wote wakaacha kufuma. Kile kitu cheupe kilikuwa magotini mwao wote, kimewafunika kama maji. Mwamvita akasema basi akitaje sasa. Marcelina akatikisa kichwa.

"Kimeshapita kitovu. Hakisikii tena."

Wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa ukubwa ule si cha kochi. Wakaendelea kufuma, kwa kuwa Land Rover lilikuwa limebakiza mitaa miwili, na mtu anayekimbia simba hasimami kwa ajili ya mwiba.

Siku ya tisa, Ijumaa, saa nne asubuhi, Mwamvita alikata uzi wa bonge la sitini. Gunia wakalichoma jikoni. Moshi wake haujatoka wote kwenye paa, gari likasimama mlangoni.

Walikuwa afisa mmoja na mgambo wawili. Afisa alikuwa mtu mpole, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Alibisha hodi, akavua viatu, akasalimia kila mtu kwa zamu. Akatazama chini ya kitanda, ndani ya mtungi, ndani ya kibuyu cha tundu akatia kidole. Halafu akafika chumbani akakiona. Alisimama. Akakizunguka akiwa ameshikilia ukuta, maana hapakuwa na pa kukanyaga. Akatoa penseli nyuma ya sikio.

"Mama, kitambaa hiki ni cha kazi gani?"

Marcelina alifungua mdomo, na sauti haikutoka. Wanawake kumi na wanne, na hakuna aliyekuwa na jibu, kwa kuwa kweli hakikuwa cha kazi yoyote. Penseli ilikuwa imeshagusa karatasi. Niliona watoto wanne wamesimama mlangoni kwa kufuatana kimo.

"Cha msiba," nikasema mimi.

"Msiba wa nani?"

Sijui nilitaka kumtaja nani. Nadhani nilitaka kumtaja mtu aliyekufa zamani. Lakini jina lililokuwa limelala kwenye ulimi wangu siku nane lilikuwa moja tu.

"Mzee Stanislausi. Balozi wetu. Amekufa njiani kwenda Musoma. Tunamfumia cha kumfunika."

Mwamvita, Mungu amweke, hakungoja hata nimeze mate. Akajitupa chini, akapiga yowe. Wale wengine wakafuata, na wengine walikuwa wanalia kweli, kwa vidole, kwa usingizi, kwa siku tisa. Yowe likatoka nje ya ile nyumba likavuka mtaa. Msiba ukishaita hauchagui. Baada ya nusu saa wakaja watu na mikeka, baada ya saa wakaja na kuni. Afisa akavua kofia. Alikunja karatasi yake akaiweka mfukoni, akasema upekuzi utasubiri maziko, akaamuru zishushwe kilo tano za sukari kutoka kwenye Land Rover ziwe za chai ya waombolezaji. Ilikuwa sukari ya nani, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikunywa vikombe viwili.

Kisha akaja Eufrasia, mke wa balozi.

Hakulia. Watu walimpisha njia, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama, kwa kuwa alikuwa ameambiwa habari ilitoka kwangu. Kina mama wakanyamaza ili asikike.

"Apolinary, nani aliyemwona?"

Nikasema dereva wa lori la pamba.

"Mwili uko wapi?"

Nikasema unakuja na lori lingine, barabara ina tope.

"Aliyemfumba macho mume wangu ni nani?"

Hapo nilipatafuta pa kushika nikapakosa. Nina maneno, nimekiri. Lakini kuna swali linalokuja limevua nguo. Akageuka, akaenda kukaa peke yake kwenye ukingo wa kile kitambaa, akaanza kupapasa nanasi moja kwa kidole, akilizunguka na kulirudia. Sikuwahi kumtakia mtu arudi kutoka kwa wafu kama nilivyomtakia mume wa mwanamke yule. Niliona wazi kabisa kwamba yuko mtaroni, gurudumu limejikunja juu yake, na mvua inamnyeshea. Nilijua nimemuua siku ya Jumatano kwa maneno mawili, na leo nilikuwa nimeongeza tu matangazo.

Saa nane, ile nyuma ya umati ikaanza kupasuka. Watu walikuwa wanapisha njia bila kelele, wanarudi nyuma wakikanyagana. Mgambo mmoja akapanda juu ya boneti la gari. Katikati ya njia hiyo alikuwa anakuja mtu mrefu, anachechemea, kichwa kimefungwa kitambaa cha damu iliyokauka, begani amebeba baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Gurudumu lenyewe alilishika kwapani, limekunjwa kama chapati.

Alifika mbele ya nyumba ya Marcelina. Akatazama kuni. Akatazama mikeka, na sufuria, na mkewe ambaye alikuwa amesimama na mikono miwili mdomoni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Marcelina, ambaye sauti ilikuwa imemkimbia tangu asubuhi, akaipata.

"Ni wewe, mzee."

Stanislausi akalitafakari hilo kwa mwendo wake wa kawaida. Kisha akalitupa gurudumu miguuni pangu. Likapiga chini, na matete yakaruka nje, na karatasi zake za fedha zimechanika. Alisema gurudumu lilimkunjikia njia panda ya Butiama, akalala mtaroni usiku mzima, goti limehama. Watu wa pale wakamtibu siku tano, siku tatu ametembea. Akainama kwa taabu, akaokota tete moja. Kwa ile mvua ya mtaroni lilikuwa limechipua vijizizi vyeupe na jani moja. Hilo sikuongeza, lilikuwa na jani.

"Fundi," akasema, "hizi spoki zako unazimwagilia mara ngapi?"

Watu hawakucheka. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kwenye mlango, ambako wanawake walikuwa wamejaa, na kila mmoja kwa mazoea ya siku tisa alikuwa ameshikilia kroshia yake. Aliwaita kwa kidole, mmoja mmoja wakamwonyesha. Alichukua ya Mwamvita, akaipima unene na spoki iliyobaki kwenye ringi. Akairudisha. Akaingia ndani, akakiona kitambaa. Sisi sote tuliona anavyoelewa. Lilikuwa jambo la polepole, kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo.

Afisa alikuwa ameshavaa kofia yake. Penseli imetoka tena.

"Balozi," alisema, kwa upole ule ule, "wewe ndiye mwenye nyumba hizi kumi. Hiki ni kitu gani, na kwa nini nimedanganywa?"

Marcelina alikuwa amewavuta wanawe wakamshikilia gauni. Neno moja la Stanislausi lingetosha, na alikuwa na kila haki ya kulisema: goti lake, kichwa chake, machozi ya mkewe.

"Afisa," akasema, "mwanamke huyu amefuma kitambaa. Kufuma ndiyo kazi yake, namjua tangu hajaolewa. Aliyekudanganya ni shemeji yake, na hajakudanganya wewe zaidi ya alivyonidanganya mimi. Mimi ndiye maiti. Naomba msiba wangu niuendeshe mwenyewe."

Afisa alimtazama, akatazama kile kitambaa, akatazama watu mia mbili waliokuwa wanamtazama yeye.

"Unauendeshaje?"

"Kwetu matanga yakishatangazwa hayarudishwi bure. Yakiachwa yananing'inia, yanamtafuta mwenyewe. Lazima yaliwe. Na anayeyalisha ni yule aliyeyatangaza." Akanigeukia. "Una maksai wawili nyuma ya nyumba."

Nilijaribu kusema kwamba maksai mmoja halimi. Nilisema pia kwamba dereva wa lori ndiye aliyeanza. Eufrasia akaniuliza kama nina lingine, na ilivyotokea, sikuwa nalo.

Akachinjwa yule mkubwa, wa upande wa kulia. Kitambaa wakakitoa nje, wanawake kumi na wanne wakikishika pande zote, wakakitandika uwanjani, na watu wakaambiwa wakae. Afisa alikaa katikati, kwenye kitovu, juu ya mabonge sitini ya magendo, akala mbavu. Alikuwa hajala nyama, alituambia, tangu Februari. Mimi nilipita na jagi na beseni, nikiwanawisha mikono mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwa wadogo, na wengine walinyoosha mikono mara mbili kwa makusudi. Mwamvita alinyoosha mara tatu, akaniambia maji yangu yana baridi.

Watu waliposhiba, balozi akaniita na spana yangu. Nikaipindua baiskeli yangu mwenyewe chini, mbele ya mkutano wote, nikafungua gurudumu la mbele, lile nililokuwa nimeliokoa miaka yote ile ya shida, nikalifunga kwenye yake. Nikakaza nati. Nikalizungusha.

Akalisimamisha kwa mkono. Akachuchumaa na lile goti lake, akaanza kuigonga spoki moja moja kwa ukucha, sikio limeinamishwa, akisikiliza kama ni chuma. Hakuruka hata moja. Ya thelathini na mbili ilipolia, akasimama, akampandisha mkewe nyuma, akaniacha pale nikiwa nimeshika spana na baiskeli ya gurudumu moja.